Pima mzunguko wa mtutu kabla ya kununua vichwa vya risasi

Kwa mnaojitengenezea risasi nyumbani huko Marekani, mkijaza baruti na kichwa wenyewe, kwa bunduki za mtutu mwembamba kama .223 au .22-250 (majina ya aina za risasi) za kuwinda wale jamaa wa kuchakuro (prairie dogs) wanaotoboa nyanda za Wyoming na South Dakota: jueni kwanza mifereji iliyo ndani ya mtutu wenu inazungusha kichwa cha risasi kwa kiasi gani.

Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu). Chukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake unauacha uzunguke, ufunge kitambaa kinachobana, usukume ndani kidogo. Tia alama ya kalamu juu ya ufito. Sukuma taratibu mpaka alama izunguke mara moja kamili irudi juu. Umbali uliosukuma ndio jibu: inchi ngapi kwa mzunguko mmoja.

.22-250 nyingi zinatoa inchi 14. Hapo kichwa cha greni 50 au 55 (gramu 3.2 hadi 3.6) kinatulia vizuri. Cha greni 75 kitayumba na kupiga karatasi ya shabaha kwa ubavu, uone tundu refu badala ya duara. Watu husema ni uzito, ila kinachotawala hasa ni urefu: kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko chenye kiini cha madini ya risasi cha uzito uleule.

Na mtutu unaozungusha mara moja kila inchi 7 ukiusukumia kwa kasi kubwa kichwa chenye ngozi nyembamba, kinaweza kupasukia hewani: ukungu wa kijivu, karatasi haijaguswa. Kipimo cha baruti fuateni kitabu cha mtengenezaji, mkianzia kiwango cha chini.