Kunakili picha za zamani kwa simu, hapa Ujiji

Simu ya kawaida na baraza vinatosha. Skana si lazima. Majirani zangu huniletea albamu nizinakili kabla mchwa hawajazifikia, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Flashi zima kabisa. Kwenye karatasi inayong'aa huacha doa jeupe usoni mwa mtu. Kaa barazani, mahali penye mwanga ila jua halipigi. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, kwa hiyo jua hutufika utosini karibu saa saba. Saa tatu au saa nne asubuhi mwanga bado ni laini. Saa saba ni ya ugali na migebuka.

Futa lenzi. Laza picha juu ya karatasi nyeupe, si juu ya kitenge, maana rangi kali huichanganya kamera. Washa mistari ya gridi, simu iwe sambamba na picha, na usiisogeze karibu mno, kingo zitapinda.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue, itachanika. Ipige humo humo. Ukiona sura yako inaakisi kwenye kioo, mwombe mtu ashike baibui jeusi nyuma ya simu. Mwako wote unapotea. Albamu zenye kurasa za gundi nazo usizilazimishe.

Sasa suala ambalo hunigombanisha na vijana: usikate picha ibaki sura tu. Tazama pazia la studio lililochorwa ngazi na maua, tazama redio iliyowekwa mezani. Mtu alivaa, akatoka nyumbani, akalipa, akachagua asimame na redio ile. Ukiikata, umetupa alichotaka kutuonyesha. Geuza na upige nyuma pia, kwani huko ndiko kwenye mhuri wa studio, mwaka, na salamu za wino kwa shangazi aliyeko Tabora.

Programu za kulainisha ngozi sizitumii. Zinafuta chale na makovu ya ndui. Picha za rangi zilizogeuka nyekundu kwa uzee unaweza kuzisawazisha kidogo, lakini kwenye nakala ya pili, ya kwanza iache ilivyo. Za nyeusi na nyeupe usizitie rangi. Kijana wa mtaani kwetu alimtilia bibi yake rangi, kanga ikatoka ya bluu. Bibi akaishika simu, akaisogeza mbali na macho.

"Mjukuu wangu, hii ilikuwa nyekundu. Ya bluu nilinunua lini?"

Ukiwa naye bado, washa kinasa sauti, umwombe ataje majina kuanzia kushoto. Usimharakishe, akifika kwa mtu wa tatu ataanza hadithi, nawe mwache. Kisha badilisha jina la faili liwe na majina hayo, mahali na mwaka kama unajulikana.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na maandishi madogo yanafifia. Nakala moja iweke kwenye memori kadi, nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba tofauti, na albamu irudishe kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.