Makala Uliyoiweka Kwenye Blogu ni Mali ya Nani? Hatua za Kuhakiki Hakimiliki na Kuitetea

Waandishi wa blogu wanapolalamika kwamba kazi zao zimenakiliwa, mara nyingi hujibiwa kuwa kitu kikishawekwa mtandaoni ni mali ya umma. Jibu hilo si la kweli, na wengi hulikubali kwa sababu tu limetolewa kwa kujiamini. Hivi karibuni nilimsaidia mwandishi wa makala za mapishi ya Pwani, ambaye kazi zake zilihamishiwa neno kwa neno kwenye tovuti nyingine, hadi zikaondolewa. Hatua tulizozifuata ni hizi.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba hakimiliki ni yako tangu mwanzo

Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoandikwa, bila usajili wala alama yoyote. Kinacholindwa ni namna ulivyolieleza jambo, wala si wazo lenyewe. Kwa mwandishi wa mapishi, orodha tupu ya viambato vya pilau, yaani mchele, vitunguu, bizari na nyama, haimpi haki ya kumzuia mtu yeyote. Lakini aya aliyoitunga kueleza vitunguu vikaangwe mpaka rangi gani ndipo nyama itiwe ni kazi yake, na anayeinakili anavunja sheria.

Ipo hali ambayo haki huenda kwa mtu mwingine, nayo ni pale ulipoandika ukiwa kazini kama sehemu ya majukumu uliyoajiriwa kuyatekeleza, kwani hapo mwenye haki huwa mwajiri msipokubaliana vinginevyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakwenda mbali zaidi: hata kazi iliyoagizwa kwa mwandishi wa kujitegemea huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa makubaliano yenu yawe yamezuia uhamisho huo. Kwa hiyo anayeandikia blogu ya kampuni kwa malipo aupekue mkataba wake kabla ya kudai chochote.

Hatua ya 2: Soma kipengele cha leseni katika masharti ya matumizi

Blogger, WordPress.com na Medium zote zinatamka kwamba maudhui yanabaki kuwa mali ya aliyeyaandika. Unachowapa unapobofya kukubali ni leseni isiyo ya kipekee ya kuhifadhi, kunakili na kuonyesha kazi yako, na leseni hiyo haimhusu msomaji aliyepita akaichukua. Hata hivyo, mimi hupendelea mwandishi awe na anwani yake mwenyewe ya tovuti na nakala za makala zote kwenye kompyuta yake, kwa sababu kumiliki haki hakusaidii kitu siku jukwaa linapofungwa.

Kama uliwahi kuiweka makala chini ya leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi kwa watu wengine kuitumia kazi yako kwa masharti, simama hapo kwanza. Leseni hiyo haitenguliwi kwa aliyekwisha kuipokea, maadamu anafuata masharti yake kama kukutaja jina.

Hatua ya 3: Hifadhi ushahidi kabla ya kuandika barua yoyote

Hifadhi ukurasa wako na ule wa aliyenakili kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao pamoja na tarehe zake, kisha upige picha za skrini zinazoonyesha anwani na tarehe. Ukitanguliza malalamiko, ukurasa unaweza kubadilishwa usiku huohuo.

Hatua ya 4: Mwandikie mwenye tovuti

Barua fupi yenye heshima, anwani za kurasa zote mbili, yaani wako na wake, na siku ya mwisho ya kuiondoa kazi vinatosha.

Hatua ya 5: Peleka notisi kwa kampuni inayoihifadhi tovuti

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi, na chanzo kikubwa ni kuipeleka notisi, yaani barua rasmi ya kutaka kazi iliyonakiliwa iondolewe, mahali pasipohusika. Ukiitafuta tovuti kwenye huduma ya WHOIS, inayoonyesha taarifa za usajili wa majina ya tovuti, jina linalojitokeza kwanza kwa kawaida ni la msajili wa anwani, yaani kampuni iliyouza jina la tovuti, ambayo mara nyingi haihifadhi hata ukurasa mmoja. Unayemtaka ni mwenye seva, yaani kompyuta ambamo kurasa zimehifadhiwa. Tafuta namba ya IP ya tovuti, yaani namba inayoitambulisha seva hiyo mtandaoni, kisha uangalie namba hiyo imegawiwa kampuni gani. Ukikuta ni Cloudflare, bado hujafika, kwa kuwa kampuni hiyo mara nyingi husimama mbele ya seva ya mtu mwingine. Jaza fomu yao ya malalamiko ya hakimiliki, nao watakujulisha kampuni inayohifadhi tovuti.

Kampuni nyingi za aina hiyo ziko Marekani, ambako DMCA, sheria ya hakimiliki za kidijitali ya mwaka 1998, inatoa utaratibu ambao hata mwandishi aliye Tanga au Kisumu anaweza kuutumia bila wakili. Notisi iwe na saini yako, ambayo inaweza kuwa ya kielektroniki, utambulisho wa kazi yako, anwani kamili ya kila ukurasa ulionakiliwa, kwani kutaja tovuti nzima kwa ujumla hakusaidii, mawasiliano yako, kauli kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayakuruhusiwa, na kauli kwamba maelezo ni sahihi na kwamba, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, wewe ndiwe mwenye haki au umeidhinishwa naye. Kauli hizi mbili za mwisho ndizo husahauliwa, na zikikosekana kampuni ina haki ya kutokuchukua hatua yoyote.

Fahamu pia kwamba jina lako linaweza kumfikia unayemlalamikia, na kwamba Google hupeleka nakala za notisi inazopokea kwenye hifadhidata ya Lumen, ambayo ni ya wazi. Anayeandika kwa jina la kubuni kwa ajili ya usalama wake amtafute wakala wa kumwakilisha. Tena, usitume notisi dhidi ya mtu aliyenukuu sentensi chache ili akukosoe, kwa maana sheria hiyohiyo inamwajibisha anayedai uongo kwa makusudi.

Tovuti ikiwa inahifadhiwa Kenya, marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Hakimiliki ya nchi hiyo yameweka utaratibu wa notisi unaofanana na huo.

Hatua ya 6: Jiandae kwa notisi ya kupinga

Chini ya DMCA, aliyeondolewa maudhui anaweza kuipinga notisi yako, na usipofungua kesi, kampuni huyarejesha kati ya siku 10 na 14 za kazi. Hapo ndipo cheti cha usajili wa kazi kutoka ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa aliye Tanzania Bara, au KECOBO kwa aliye Kenya, kinapofaa, kwa kuwa mahakamani utatakiwa kuthibitisha uandishi wako, na cheti kilichotolewa kabla ya mgogoro huaminika kuliko picha za skrini.