Somo: Fildi na daftari la muhasaba kwa wanaojiandaa na utumishi wa umma

Assalamu alaykum. Msimu wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo, umekaribia, na walimu wa utawala na ustawi wa jamii wameliomba sana somo hili. Tunazungumzia kujifunza kwa kuitumikia jamii: mwanafunzi anafanya kazi ambayo watu wanaihitaji kweli, kazi hiyo inafungamana na somo la darasani, kisha anakaa kujihoji. Kwa Marekani, jina la mfumo huu walianza kulitumia Robert Sigmon na William Ramsey mwaka 1967. Hapa kwetu Zanzibar fildi si jambo geni. Kinachoachwa ni kule kujihoji, yaani muhasaba, ambao mwanafunzi anauandika daftarini, na mtumishi asiyejihoji mwananchi ataonana naye dirishani kwa miaka thelathini.

Hatua ya 1: Anzia kwa sheha

Usimpangie mwanafunzi kazi ukiwa chuoni. Nenda na barua, piga hodi kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, yaani mtaa au kijiji, uliza wakaazi wamekwama wapi. Pengine utaambiwa habari ya wazee na pensheni jamii, fedha za kila mwezi ambazo serikali inawapa wazee. Ilianza Aprili 2016 kwa waliofika miaka 70, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi, na wazee wetu wengi walizaliwa nyumbani bila ya cheti. Kuwasaidia wathibitishe umri wao, hiyo ni kazi. Kupaka rangi ukuta wa skuli kwa ajili ya picha siihesabu.

Hatua ya 2: Darasa kwanza

Wasome Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 2 ya 2011 kabla ya kwenda, na waelewe kuwa jina la mwananchi haliingii daftarini.

Hatua ya 3: Ratiba ifuate watu

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hukupwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na kinamama wa mwani wako pwani. Saa hizohizo ndizo afisi zinazopenda kuita mikutano. Halafu ripoti inaandikwa kwamba wanawake hawana mwamko! Mwanafunzi apange mkutano wake siku za maji mafu, yasiyopwa sana, au baada ya alasiri, ahesabu mwenyewe tofauti ya waliokuja.

Hatua ya 4: Daftari, siku hiyohiyo

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kurasa nyingi huja hivi: "Leo nimejifunza mengi kuhusu changamoto za wazee. Nimefurahi kusaidia." Hakuna kilichotokea humo, hakuna mtu.

Linganisha na ukurasa huu, niliouunda kwa mfano:

"Bibi hana cheti. Kitambulisho kinasema 1960. Nikamwambia umri bado. Akanijibu kuwa Mapinduzi yalimkuta kashaolewa, na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimeshafunga faili. Kwa nini niliiamini karatasi kabla ya kumsikiliza? Kesho namuuliza sheha utaratibu wa kusahihisha tarehe, nifuatane na bibi."

Mapinduzi ni Januari 1964. Aliyezaliwa 1960 angekuwa mtoto wa kubebwa, si wa kubeba. Mwanafunzi aliyeliona hilo ameshaanza kuwa mtumishi.

Maswali ya kumwongoza ni haya: nini kilitokea, kina maana gani, sasa nifanye nini. Mimi huongeza la nne, nalo nalithamini kuliko yote: nilikuwa na uwezo gani juu ya mtu huyu, na niliutumiaje? David Kolb, katika kazi yake ya 1984, alieleza mzunguko wa kutenda, kutafakari, kupata maana na kujaribu upya. Watoto wetu hawaanzi sifuri. Neno linalonasibishwa na Sayyidna Umar, kwamba tuzihesabu nafsi zetu kabla hatujahesabiwa, wamelisikia tangu chuo cha Kurani.

Hatua ya 5: Kikao cha wiki

Watu wanane au kumi, kila mmoja asome ukurasa mmoja. Mwalimu azungumze mwisho. Akitangulia yeye, wote watamfuata.

Hatua ya 6: Rudi kwa sheha

Mpeni matokeo kwa mdomo na kwa karatasi moja. Shehia imechoka na wanaokuja kuuliza wakapotea.

Maswali ya wasomaji

*Mwanafunzi, Wete:* Afisini nimepewa fotokopi na chai tu. Niandike nini?

*Jibu:* Kaa unapoliona dirisha. Nani anahudumiwa bila foleni? Mzee kutoka Kojani amevuka maji kwa dau, anaambiwa aje kesho: kwa sababu ipi? Fuata faili moja, kwa ruhusa ya msimamizi, uone linalala mezani kwa nani.

*Mwalimu, Mkoani:* Nina darasa kubwa, madaftari yote sitayamaliza.

*Jibu:* Kila mmoja achague kurasa mbili: moja aliyobadilisha mawazo, moja ambayo bado inamtatiza. Maksi zitolewe kwa uwazi wa tukio na hatua iliyofuata, sio kwa uchungu wala kwa unyenyekevu. Ukizipa hisia maksi, utaandikiwa machozi ya uongo.

*Mwanafunzi, Chake Chake:* Nimeona mtu akiombwa "kitu kidogo". Naandika?

*Jibu:* Andika ulichokiona na ulichokisikia, bila jina na bila kukisia. Kisha umwone mwalimu wako faragha siku hiyohiyo. Ipo Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi Zanzibar, na mwalimu akusindikize huko ikibidi. Usijifanye mpelelezi, na daftari lile lisisomwe kikaoni.

*Mzazi, Unguja:* Mwanangu atafaidika nini kwenye usaili?

*Jibu:* Akiulizwa alivyoshughulika na mwananchi mgumu, atakuwa na tukio la kweli la kusimulia, na atasema yeye mwenyewe alibadilisha nini. Mwambie asome daftari lake usiku wa kuamkia usaili.

*Mwanafunzi, Micheweni:* Tuandike Kiswahili au Kiingereza?

*Jibu:* Daftari Kiswahili, maana bibi alisema kwa Kiswahili, na maneno yake yabaki kama alivyoyatamka, kipemba chake na yote. Ripoti ya mwisho fuata lugha ya chuo chako.