Kompaila inakufia katikati? Anzia hapa kabla hujagusa kodi

Juzi dogo mmoja wa hapa Shangani, Mtwara, kaniletea laptopu yake ya RAM giga 4, anakompaili programu ya C++ (yaani kompaila inageuza kodi kuwa programu ya kuendeshwa) kwenye Ubuntu na kila ikifika katikati inakufa. Siku tatu nzima anapangua kodi, na kodi yenyewe haikuwa na kosa. Inaniuma sana kuona mtu anateseka hivi ndo maana naandika.

Hatua ya 1: usibadilishe kitu. Rudia make ileile (amri inayoendesha kompaila) mara tatu, kila mara andika kwenye karatasi imefia faili gani. Ikifia faili lilelile mstari uleule, mara nyingi mchawi ni kodi au kompaila yenyewe. Ila kama mara hii imefia hapa, ukirudia inapita inaenda kufia mbele huko, achana na kodi, shika mashine.

Hatua ya 2: soma ujumbe wa mwisho. Ukikuta Killed, mara nyingi keneli (kiini cha Ubuntu) ndo imeiua kompaila sababu RAM imeisha, hakikisha hivi:

sudo dmesg | grep -i "out of memory"

Ya dogo ilikuwa hii. Alikuwa anapiga make -j8, yaani kazi nane kwa mpigo, wakati faili moja tu la C++ lenye templeti nyingi linaweza kula giga nzima peke yake! Tukashusha ikawa make -j1, tukaongeza swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa):

sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Ikaenda polepole ila ikamaliza.

Hatua ya 3: ukikuta Segmentation fault (programu imegusa memori isiyoruhusiwa) inayohamahama, shuku RAM mbovu au joto. gcc, kompaila ya Ubuntu, ikikrashi huwa inajirudia yenyewe, isipokufa tena inaandika "The bug is not reproducible", hapo imeshakwambia kagua mashine. Na joto la huku mwezi wa 11 mnalijua, kuna moja nilifungua feni nikakuta vumbi limeshikana kama pamba. Piga sensors (amri inayoonyesha joto) wakati inakompaili, ikigonga digrii 90 na zaidi safisha feni, paka pesti mpya ya kupitisha joto kwenye prosesa. RAM ipime na Memtest86+ usiku kucha, ikitoa erra hata moja usiiamini tena.

Hatua ya 4: inayofia palepale kila siku, badili -O2 iwe -O0 (yaani zima uboreshaji wa kodi unaofanywa na kompaila). Ikipita, uwezekano mkubwa ni bagi ya kompaila, pandisha toleo la gcc au jaribu clang, kompaila nyingine.