Orodha Kwanza, Ngao Baadaye: Kuandaa Turathi kabla ya Vita

Ukitunza maktaba ya mtaa au mkusanyo mdogo wa vitu vya kale hapa Nairobi, anza na daftari. Kitu kisichoandikwa popote kabla ya kuvunjwa au kuibwa, ni kazi ngumu kumthibitishia hakimu kwamba kilikuwepo.

Kila kitu kipewe ukurasa wake: aina, malighafi, vipimo, maandishi na alama, umri, na aliyekitengeneza kama anajulikana. Kisha andika kasoro, maana hapa ndipo wengi hulegea. Vigango viwili vya Wamijikenda, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vyaweza kulingana urefu na nakshi, lakini havitalingana nyufa wala matundu ya mchwa. Piga picha mbele, nyuma, ubavuni, na kila kasoro kwa karibu, rula ikionekana kando. Zima flashi, kwani mbao iliyopakwa mafuta hung'aa na kuficha nakshi. Mwanga wa dirishani unatosha. Tengeneza nakala tatu, moja ikae nje ya jengo kabisa.

Pili, bandika kanuni mlangoni: hakuna silaha, askari wala mitambo yao ya redio ndani, hata kwa usiku mmoja. Mkataba wa Hague wa 1954, wa kulinda turathi wakati wa vita, unakataza matumizi yanayoweza kuiponza turathi vitani. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) na kuridhiwa na Kenya mwaka 2005, nao unahesabu shambulio la makusudi dhidi ya majengo ya ibada, elimu, sanaa na historia kuwa uhalifu wa kivita, ila jengo likigeuzwa shabaha ya kijeshi kinga hiyo huondoka. Si maneno ya karatasi tu: mwaka 2016 mahakama ya ICC ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi, mfuasi wa kundi lenye silaha, kifungo cha miaka 9 kwa kushambulia makaburi ya kale na msikiti huko Timbuktu, Mali.

Ngao ya buluu na nyeupe, alama ya Mkataba wa Hague ya kutambulisha turathi inayolindwa, ije mwisho, na usijichoree. Ngao moja ni ya turathi ya kawaida. Tatu pamoja ni za ulinzi maalumu, na kuzibandika kwa mapambo ni kosa. Mkataba huo unataka ngao ya jengo iandamane na kibali chenye tarehe na saini ya mamlaka husika, nacho kionekane. Kiweke nyuma ya kioo. Karatasi tupu haimalizi mvua za Aprili.