Jinsi ya kununua gari kuukuu iliyolala hapa Nairobi na kuirudisha barabarani, kuanzia logibuku mpaka breki

Zimejaa hizi gari. Unapita esteti unaona Toyota 110 imeegeshwa kwa ukuta, tairi zimekaa chini, kioo kimejaa vumbi mpaka watoto wameandika majina yao, na ukiuliza mwenyewe anakwambia leta chochote uiondoe hapa. Ama unaenda Kariobangi Light Industries kutafuta spea unaona Nissan B15 pale nyuma ya gereji na fundi anakwambia mwenyewe alikwama na pesa ya giaboksi, kama unaitaka mtaongea. Bei ni tamu kuliko kitu yoyote utapata kwa yadi za Ngong Road. Na ukweli ni kwamba hizo gari zinaweza kukutumikia vizuri sana, shida ni watu wanaanza na fundi kabla ya makaratasi na hapo ndio pesa huzama. Injini iliyokufa hufufuliwa ama inatolewa unaweka ingine. Lakini gari yenye karatasi mbaya inaweza kunguruma vizuri kabisa na bado isiwahi kuwa yako. Kwa hivyo tunaanza na karatasi, na tafadhali usiruke hii sehemu ata kama ni ya binamu yako.

Kabla utoe ata bob moja, fanya search

Ingia eCitizen na akaunti yako, enda kwa huduma za NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani (mfumo wake wa zamani wa TIMS uliachwa, tangu 2023 kila kitu kilihamia kwa potali mpya ya serviceportal.ntsa.go.ke na unaingia ukitumia eCitizen), chagua kutafuta rekodi za gari, andika namba pleti, lipa na M-Pesa alafu daunlodi hiyo karatasi. Ni pesa kidogo sana ukilinganisha na chenye inakuokoa. Itakuonyesha jina la mwenye gari, namba ya chesisi, namba ya injini, mwaka gari iliundwa, rangi, bodi. Fanya hiyo search mwenyewe, kwa simu yako, usikubali broka akuletee skrinshoti ama karatasi ya mwezi uliopita.

Sasa printi hiyo karatasi uende nayo kwa gari na tochi. Chesisi imegongwa kwa chuma chenyewe, kwa Toyota nyingi za zamani ni pale kwa ukuta kati ya injini na dashibodi, unasoma herufi moja moja. Ukiona hapo pamepigwa msasa, ama kuna alama ya weldi, ama rangi ya hapo ni mpya kuliko ya kando, wachana na hiyo gari, bei isikudanganye. Namba ya injini ikikataa kulingana si lazima iwe ni wizi, gari nyingi za umri huo zimewekwa injini ya ex-Japan, yaani iliyotumika Japani kwanza, lakini uliza risiti ya hiyo injini na umwambie mwenyewe arekebishe rekodi NTSA kabla akuuzie, juu ukishanunua hiyo kazi ni yako. Rangi nayo ni hivyo hivyo, kama logibuku (ile hati ya umiliki wa gari) inasema nyeupe na gari ni nyeusi kuna mtu alipiga sprei bila kuripoti.

Alafu mwaka. Usisome umri wa gari kwa pleti. KBA zilianza 2007 lakini kwa vile sheria inaruhusu gari ya mpaka miaka nane kuingia nchini, unaweza pata KBA iliyoundwa 1999 ama 2000. Mwaka wa kuundwa ndio wa kuangalia ukitafuta spea na ukipanga bei.

Jina kwa logibuku ni ya nani

Hii ndio sehemu nataka uisome polepole.

Kama jina ni ya mtu aliye hai, ako na kitambulisho, ako na logibuku mkononi, uko sawa. Kama logibuku ilipotea, yeye mwenyewe aende polisi achukue abstrakti (karatasi ya kuonyesha ameripoti), aombe logibuku ingine kwa akaunti yake, ndio mrudi kwa meza. Usikubali ile ya "nunua tu tutashughulikia baadaye," akishakula pesa hana haraka tena.

Kama kando ya jina yake kuna benki ama kampuni ya mikopo, jua gari ni dhamana. Barua ya kusema deni limeisha haitoshi peke yake, mkopeshaji mwenyewe lazima ajitoe kwa mfumo wa NTSA. Na kuna mkopo mwingine hauonekani kwa logibuku, tangu sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya 2017 kuna rejista yake pale eCitizen chini ya Business Registration Service, unaweza tafuta na chesisi kuona kama kuna mtu ameiandikisha. Watu wachache sana wanaangalia hapo na mikopo ya logibuku imejaa hapa jijini.

Kama mwenye gari alifariki, na hii ndio inapatikana sana na gari zilizolala, familia haiwezi kukuuzia kwa maneno. Si mjane, si kijana mkubwa, ata kama wote wamekubaliana na wako na logibuku. Sheria ya urithi, Cap 160, kifungu cha 45, inasema kugusa mali ya marehemu bila idhini ya korti ni kosa, na wewe mnunuzi unaweza kuingizwa ndani. Barua ya chifu ni mwanzo tu wa safari. Chenye unataka kuona ni hati ya korti ya usimamizi wa mali, iliyothibitishwa, na jina la huyo anayekuuzia ndani yake. Najua inakuwa ngumu juu unakuta mama wa watu anahitaji karo na gari inaoza pale nje, na roho inakuuma. Msaidie aanze kesi ya urithi, ata mpatie namba ya wakili mzuri, lakini usimpatie pesa ya gari kabla hiyo hati itoke, juu kesho shemeji mmoja akija na maneno mtaumia nyinyi wawili.

Na gari ya gereji, ile mteja aliacha? Fundi si mwenye gari, ata kama anadai pesa ya kazi na ya kuegesha. Kuna sheria ya kuuza mali isiyochukuliwa, Cap 38, na ukifungua gazeti rasmi la serikali utaona notisi zake kila wakati: gereji inatangaza namba pleti, inampa mwenyewe siku 30 aje alipe achukue, asipokuja ndio inauzwa. Uliza hiyo notisi iko wapi. Kama hakuna, mwambie fundi amtafute mwenye gari na mfanye na yeye moja kwa moja, fundi achukue deni yake kutoka kwa hiyo pesa.

Kama logibuku ni ya kampuni iliyofungwa na wakurugenzi hawapatikani, tafuta gari ingine.

Kuangalia chuma

Enda na fundi wako, si wa muuzaji, na umlipe siku yake hivyo asiwe na haja ya wewe kununua. Gari iliyolala muda mrefu usipige stata moja kwa moja. Toa dipstiki, oili ikiwa kama maziwa maji yameingia, hapo gasketi ya hedi ama hedi yenyewe. Angalia redieta, angalia panya kama wamekula waya, petroli ya zamani itolewe yote kwa tangi, alafu injini izungushwe na mkono kwanza kuona kama imeshikana. Ikiwaka, moshi wa bluu ni oili inaungua, mweupe mzito wenye hauishi ni maji, mweusi ni mafuta yanazidi. Mafundi wengi wako na geji ya kupima kompreshen, iwekwe kwa kila silinda.

Inua kapeti. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia kwa gari nyingi hapa Nairobi na zingine bado zinazunguka sokoni, utaona matope chini ya viti, reli za kiti zimeshika kutu, na harufu ya ukungu ata wakiweka manukato. Umeme wa gari kama hiyo utakusumbua miaka.

Kutu ya juu juu kwa mlango si neno. Kutu ya chini, pale shoks zinashikilia na kwa mbavu za chesisi, hiyo ni ya kukataa.

Siku ya kulipa

Andikeni mkataba wa mauziano, majina, vitambulisho, pini za KRA zenu wote, namba pleti, chesisi, injini, bei, sahihi na mashahidi, wakili akishuhudia ni bora zaidi. Andika tarehe na saa ya kukabidhiwa, hii saa watu husahau na ndio inaamua kosa la barabarani la hiyo siku ni la nani. Lipa mtu mwenye jina kwa logibuku, kwa akaunti yake ama simu yake, broka atapewa chake na muuzaji. M-Pesa kwa mara moja inabeba mpaka 250,000 kwa hivyo gari nyingi za aina hii zinatosha hapo, na ujumbe unabaki kama ushahidi.

Pesa isitoke kabla mkae pamoja, kwa saiba ama Huduma Centre kama ile ya GPO ama Makadara, na transfa ianze mkiwa hapo. Iko hivi: muuzaji anaingia kwa akaunti yake ya eCitizen, anafungua NTSA, anachagua gari na kubonyeza kuhamisha umiliki, anaweka maelezo yako. Mfumo unamtumia namba ya kuthibitisha kwa simu yake, ndio maana namba yake ya eCitizen lazima iwe inafanya kazi, wazee wengi wako na laini walishatupa na hiyo peke yake huchelewesha kila kitu, uliza mapema. Alafu wewe unaingia kwa akaunti yako, unakuta ombi, unakubali, mnapandisha mkataba na zile hati zingine zinaulizwa, ada inalipwa, inategemea ukubwa wa injini kwa hivyo Vitz inalipa kidogo kuliko Prado. Chagua mahali utachukulia logibuku. Ukishaona ombi limeingia na umelipia ndio unamalizia pesa ya gari.

Na usikae na gari kwa jina ya mtu. Sheria ya trafiki, Cap 403, inakupa siku 14 baada ya kuuziwa, ukipita hapo bila kuandikishwa gari haifai kuwa barabarani, na mwenye jina ndio anahesabiwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine.

Kuitoa pale ilipo

Ita bredauni ya kubeba. Usiivute na kamba, gari injini ikiwa imezima breki inakuwa nzito kama jiwe na usukani pia, na Jogoo Road si mahali pa kujaribu hiyo. Bima ya muuzaji haikuji na gari, chukua yako ya thadi pati kwa jina yako kabla tairi iguse lami, ata ya mwezi mmoja. Siku hizi stika ni ya dijitali, inatumwa kwa simu.

Kuifanya iwe salama

Panga uwe na pesa ya matengenezo karibu sawa na ile ya kununua, mimi siwezi shauri mtu anunue gari iliyolala akiwa na pesa ya kununua tu. Na anza na kusimama kabla ya kutembea. Oili ya breki huvuta unyevu ikikaa, imwagwe yote, silinda za magurudumu na kalipa zifunguliwe juu huwa zinashikana na kutu, mipira ya breki ibadilishwe. Tairi angalia zile namba nne ubavuni, 2318 ni wiki ya 23 mwaka wa 2018, ata kama bado ina meno mazuri mpira wa zamani unapasuka ukipiga kasi Thika Road. Alafu bol jointi, bushi, shoks, taa zote, waipa. Kwa injini, kama ni ya belti kama 5A ya Toyota 110, weka taimingi belti mpya bila kuuliza ya zamani ina umri gani, kama ni 1NZ ya Probox ama Fielder hiyo ni cheni, sikiliza tu kama inapiga kelele. Oili na filta zote, maji ya redieta na kulanti ya kweli.

Spea Kirinyaga Road na Grogan, lakini beba ile ya zamani mkononi ulinganishe, na breki nunua mpya kwa duka lenye risiti ata kama ya mtumba ni nusu bei.

Ikishakuwa tayari buku ukaguzi kwa hiyo potali ya NTSA na uipeleke Likoni Road, Industrial Area. Kama ni pikapu ama Probox iliyoandikishwa ya biashara hiyo ni lazima kila mwaka. Kama ni gari yako ndogo ya nyumbani ipimwe pia, pale ama kwa AA Kenya, mashine ya breki itakuambia gurudumu la kushoto linashika kuliko la kulia na fundi hatakuwa na la kubisha.

Pleti zikiwa zimevunjika ama moja haipo, agiza zingine kwa potali, hizi mpya zilizoanza 2022 ni shilingi 3,000, na kuendesha bila pleti faini yake ya papo hapo ni 10,000. Lifseva mbili, zile pembetatu nyekundu za kuonya wengine ukikwama, ziwe kwa buti.

Logibuku ikitoka utapata ujumbe. Ukifika kaunta isome hapo hapo, jina kama liko kwa kitambulisho, chesisi herufi moja moja, injini, rangi, na kama kuna kosa warudishie kabla uondoke, ukiwa na ile karatasi ya search mkononi.