Betri zikae juu kabisa ya begi

Nimejifunza hili mlangoni mwa ndege, begi langu la mkononi lilipochukuliwa dakika ya mwisho kwa sababu makabati ya juu yamejaa: weka pawabenki na betri zote za akiba kwenye kipochi kimoja, juu kabisa ya begi, ukichomoe mara moja kabla ya kulikabidhi. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenda chini na mizigo. Ikishika moto mnakokaa abiria, wahudumu wataiona na kuimwagia maji. Kule chini hakuna wa kuifikia. Laptopu nayo itoe. Ikilazimu ibaki, izime kabisa, usifunge kifuniko tu.

Kipochi hakisaidii kitu betri ikizidi wati-saa 100 (kipimo cha nishati inayobeba) na huna kibali cha shirika la ndege. Ikipita 160 haipandi kabisa. Piga hesabu ya wati-saa mapema: mAh (ujazo ulioandikwa kwenye betri) mara volti, gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni 74, hiyo haina shida. Ya 30,000 ni 111. Iliyofutika maandishi inaweza kuzuiwa hata kama ni ndogo, na iliyovimba usisafiri nayo.